Spika za Bucha Zilivyonitangaza Jericho Nzima

Leo nimeaibika kwa spika. Spika mbili kubwa, ambazo nilizibeba mwenyewe, kwa mikono yangu miwili, hadi pale nilipoaibikia. Subirini niwaeleze, lakini mkianza kucheka naacha.

Mnajua mimi huandika programu za kompyuta. (Mama yangu huwaambia watu "huchezea kompyuta". Baada ya leo sina nguvu ya kumrekebisha.) Hapa mtaani kwetu Jericho kuna bucha ya Mama Kioko. Unaagiza nyama, unapewa namba, unangoja ichomwe. Anayeita namba ni Kamau, mkata nyama, kwa kupiga kelele. Wiki hii Kamau ameshikwa na mafua na sauti imepotea kabisa. Mama Kioko akanipigia simu.

"Shiru, si ulisema kompyuta inaweza kuita watu? Leta Jumapili tuone. Ikifanya vizuri naichukua, na dada yangu mwenye bucha kule Pumwani pia ataitaka."

Bucha mbili! Mwaka mzima nimetafuta mteja mmoja wa kweli. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Programu yenyewe nilikuwa nayo. Shida ilikuwa sauti. Kompaila yangu ya zamani (ile programu inayogeuza ninachoandika kuwa kitu kinachoweza kutumika kwenye kompyuta) ilisoma Kiswahili kama mtalii aliyeibiwa simu. Jana nikaona toleo jipya limetoka. Lina sauti ya Kiswahili ndani yake! Dada anayeongea taratibu, safi, kama msomaji wa taarifa ya habari. Bei ya leseni niliiangalia mara moja nikageuza uso. Lakini chini yake kulikuwa na kitufe kidogo: jaribu bure kwa mwezi mmoja. Nikajiambia, Mama Kioko atanilipa, nami nitailipia. Yakaja masharti marefu, nikateremka nayo mbio mpaka mwisho, nikabonyeza "Nimesoma na nimekubali". (Nani husoma? Wewe husoma? Usinidanganye.)

Kitu cha kwanza toleo hilo lilifanya ni kubadilisha mafaili yangu yote yawe ya mtindo wake. Nilipojaribu kuyafungua kwa kompaila ya zamani, ikakataa katakata. Yaani ukishaingia, hakuna kurudi. Mtu mwenye akili angeshtuka hapo. Mimi nilijaribu namba tatu nne sebuleni, dada akaziita vizuri, nikalala nikiwa tajiri.

Leo baada ya ibada bucha ikajaa. Familia nzima nzima, watoto na suti zao, mama wa kanisa na vitambaa vya kichwa. Nikafunga spika juu ya kaunta, nikawasha laptopu, nikaomba Mungu.

"Namba moja, karibu dirishani. Nyama yako iko tayari."

Vichwa vyote vikainuka kuelekea spika. Halafu kijana mmoja akapiga makofi. "Manze! Hii sasa ni kama airport!"

Mama Kioko alitabasamu mpaka nikaona meno ambayo sijawahi kuyaona. "Shiru, huyu dada ni wa wapi? Anaongea vizuri hivi?" Kamau, ambaye hawezi kuongea, alinipa dole gumba. Nilikuwa nimeshafika Pumwani kwa mawazo.

Zikaitwa namba kama kumi. Kisha dada akavuta pumzi (naapa alivuta pumzi!) akasema, kwa sauti ile ile tamu:

"Tangazo muhimu. Sauti hii inatumika kwa leseni ya majaribio. Mtumiaji, Wairimu Jericho, bado hajalipa. Tunamsihi alipe."

Wairimu Jericho ni mimi. Shiru ni jina la mtaani tu; Wairimu ndilo la kitambulisho, na ndivyo nilivyojisajili. Watu wakageuka wote pamoja, vidole vina ugali.

"Ni hitilafu ndogo tu," nikasema nikicheka. Namba iliyofuata ikaitwa. Nikashusha pumzi.

"Tangazo muhimu..."

Tena! Na baada ya namba nyingine, tena! Kumbe mambo ndivyo yalivyo kwenye masharti. Nimeyasoma jioni hii, nikiwa nimechelewa sana. Ukijaribu nyumbani, dada ananyamaza. Ukiipeleka mbele ya watu, anavumilia namba chache za kwanza, halafu anakuanika kila mara. Nani alikaa kwenye ofisi yake akabuni roho mbaya ya aina hii? Nikatafuta mahali pa kuzima matangazo. Nikapapasa. Nikabonyeza. Ikaniandikia: "Kuzima matangazo ni huduma ya wenye leseni kamili." Nilikaribia kuuma laptopu.

Nikashika waya niuchomoe. Mama Kioko akaniwahi. "Wewe, usizime! Watu hawajapata nyama! Kwani hiyo deni ni ya nani?"

Kabla sijajibu, Mzee Mutua akasimama. Kama humjui Mzee Mutua, ni dereva mstaafu, na hakuna harusi wala matanga mtaani kwetu ambayo hakushika maikrofoni. Hajui kuona shida ikapita bila kuihutubia. Alimwaga mifupa kutoka kwenye sinia lake, akalipangusa kwa gazeti, akaliinua.

"Ndugu zangu, nipeni masikio. Huyu ni mtoto wetu. Anatangazwa hapa kama mwizi, na sisi tunatafuna? Hii ni aibu ya mtaa. Mimi naanza!" Akatupa noti.

"Mzee, tafadhali, hapana..."

"Nyamaza, Wairimu. Usione haya. Songa mbele watu wakuone."

Nikasukumwa mbele na mama wawili wa kanisa. Nikapewa sinia nishike mwenyewe, lina mafuta. Mtu akaanzisha wimbo. Watu wakaja kwa foleni wakicheza kidogo kidogo, wananipa pole ya mkono kama mfiwa. Na kila nikidhani imekwisha, dada anaita namba, kisha: "Mtumiaji, Wairimu Jericho, bado hajalipa."

"Mmesikia?" Mzee Mutua akapaza sauti. "Amesema bado! Ongezeni!"

Wakaongeza! Nilitamani sakafu ya bucha ipasuke inimeze na sinia.

Hapo ndipo niliposikia mama mmoja pale dirishani. "Mama Kioko, ile kilo yangu ifanye nusu. Nimechanga." Wa nyuma yake akasema wao watachukua supu tu. Wa tatu akarudisha namba kabisa. Tabasamu la Mama Kioko lilianza kushuka, meno yakarudi ndani moja moja. Alikuja mwendo wa pole, akachomoa waya ukutani.

"Shiru. Nilikwambia uite watu wangu. Nilikwambia uwachangishe?"

"Hapana, Mama."

Akaninyang'anya sinia. Akamwambia kila mtu achukue chake aagize nyama kama mtu mzima. Wakachukua. Mzee Mutua pia. Sasa nyama ziko tayari, zinapoa, spika zimezimwa, Kamau anafungua mdomo na kinatoka kisauti cha kifaranga. Mama Kioko akaniangalia. Kamau akaniangalia. Bucha nzima ikaniangalia.

Mimi, mwenye shahada ya kompyuta, nikapanda juu ya kreti ya soda.

"Namba kumi na tisa! Mbavu!"

Kutoka nyuma kabisa: "Uko na leseni?"

Watu wakaangukia meza kwa kicheko. Na usidhani walichoka. Nimeita namba mchana kutwa, na kila namba imejibiwa hivyo hivyo, hata na watoto. Hasa watoto.

Jioni nikiwa nafungasha spika zangu, Mama Kioko akanifungia mguu wa mbuzi kwenye karatasi. Nikajua nimesamehewa. Nikakusanya ujasiri, nikamuuliza kuhusu ile kazi.

"Kazi iko," akasema. "Kuja Jumapili ijayo, na ya Pumwani pia utaenda. Lakini hiyo kompyuta wacha nyumbani. Wewe sauti yako haitangazi madeni ya mtu."

Kwa hivyo nimepata bucha mbili nilizotaka. Msinicheke, na naomba mtu yeyote asinichangie! Nileteeni tangawizi tu, maana koo ni hili hili, na toleo jipya halijatoka.