Roboti wa Ligi ya Milima Afukuzwe Kazi

Kirotshe, Novemba 2023

Kwa Mheshimiwa Msimamizi wa seva ya Ligi ya Milima, Goma, ambaye pia ni Yves, mtoto wa marehemu mdogo wangu.

Mheshimiwa,

Nakuandikia kwa heshima zote, nikiwa nimekasirika. Ujuavyo, mimi sichezi mpira wa kwenye simu. Nilijiunga na seva yenu, mnapochezea na kuandikiana, kwa sababu moja: binti yangu Kétsia, mwalimu kule Ngungu, huchezea humo, na tangu vita vifunge barabara simu yake haipatikani. Nilidhani nitamkuta kwenu. Nimemkuta roboti wenu, yule mnayemwita Mlinzi, na sasa nadai afukuzwe. Sababu ni hizi:

1. Hasalimii. Siku ya kwanza nilimwamkia kama mtu aliyelelewa: habari za nyumbani, za mke, za ng'ombe, za amani huko aliko, ndipo nikauliza kama amemwona Kétsia. Akajibu: "Amri haijulikani. Andika !msaada." Huku kwetu huwezi hata kuuliza njia kabla ya kujua wazee wa mwenzako wameamkaje.

2. Nikajilaumu, nikasema labda nilifika mikono mitupu. Nani hupita kwa mlinzi mikono mitupu, hapa Masisi kwenye kizuizi kila kona? Nikamtumia gurudumu zima la jibini la Kirolirwe kupitia kwa mama yako, shemeji Emérence. Mpaka leo roboti hajashukuru. Nasikia wewe umenenepa, lakini hilo nitaliandikia barua yake.

3. Amenifunga mdomo. Nilirudia salamu, safari hii kwa kirefu, nikaongeza na zaburi. Akaandika kwamba ninafanya "fujo", nami nikawa bubu mpaka kesho yake. Mwenye ruhusa ya kuninyamazisha duniani ni mke wangu Mama Mbambu, naye angalau hunionya kwanza: "Papa Kétsia, acha kusema mingi, uliza tu kama mutoto iko!"

4. Hili nimelifuta. Mama Mbambu amesema ni aibu.

5. Vyeo. Mimi, mwenyekiti wa kwaya, nimeandikwa "Kuruta". Kijana wa jirani yangu Kanyamibwa, anayelala na simu mkononi, ni "Jenerali". Mheshimiwa, majenerali tunao. Wamejaa milimani, na wote wanakula maharage yetu. Hatukuomba wa ziada.

6. Sasa ametangaza kwamba mchezaji atakayekaa kimya mwezi mzima atafutwa. Mtu wa Ngungu hakai kimya kwa kiburi. Mnara umezimika na watu wamekimbia. Akimfuta Kétsia, nitamtafutia wapi tena? Naogopa, Yves. Naogopa kweli.

Kwa hiyo naomba roboti huyo aitwe mbele ya ukoo, aombe radhi, afundishwe salamu zote kuanzia za asubuhi, halafu afukuzwe hata hivyo.

Nisalimie shemeji, wapangaji wake, padri wenu, na wachezaji wote isipokuwa Jenerali.

Mimi baba yako mkubwa, mwenye uchungu lakini pia mwenye adabu,

Papa Katembo Apollinaire

N.B. Nilipokuwa naikunja barua hii dukani kwangu, Mama Mbambu alininyang'anya simu, akaisoma ile !msaada, akaandika maneno mawili tu: "!yuko Kétsia". Hakumwamkia, hakumuuliza lolote la kwao. Roboti akajibu palepale: "Kétsia yupo." Na Kétsia mwenyewe akawahi kuandika, "Mama, tuko bazima, tuko kwa masista, batri inaisha," kisha akapotea. Mwanangu, nimelia mbele ya wateja wangu wote. Mwache roboti wetu kazini. Na salamu usimfundishe hata moja: batri ya Kétsia isingezingoja.