Enzi Yangu Juu ya Bomba

Jumatatu, 6 Septemba 1954
Ugomvi tena bombani. Bomba moja kwa ua mzima! Laurentine, yule mshonaji wa mlango wa pili, amerudi na ndoo tupu. Roho iliniuma.

Nimepata wazo. Seminarini, kabla hawajanifukuza, padri alitufundisha wanafalsafa wa zamani wa Ulaya. Watu wakichoka kupigana, hupatana: kila mmoja anatoa uwezo wake, wote wanampa mtu mmoja. Huyo ndiye mwenye enzi. Kwa nini asiwe karani wa stesheni, yaani mimi? Nitashika ufunguo wa bomba. Laurentine atapiga hodi kwangu kila asubuhi.

Jumatano, 8 Septemba
Mkutano uani. Nimeeleza vizuri mno. Casimir, mtia makaa wa gari-moshi, ameleta kufuli. Laurentine aliacha sindano, akaniangalia. Mara ya kwanza!
"Na weye, Monsieur Liévin, ile mapatano itakufunga?"
Nilijibu kwamba hapana, mwenye enzi hafungwi. Alitabasamu kidogo. Baada ya hapo sikusikia kitu. Nasikia nimechaguliwa.

Ijumaa, 10 Septemba
Amepiga hodi! Nimemjazia ndoo mbili kabla ya zamu yake. Halafu ya tatu, asiondoke upesi. Tumezungumza juu ya vitambaa. Nyuma yake mstari mzima ulikuwa ukinung'unika.

Jumamosi, 11 Septemba
Uasi. Mama Victorine, mkubwa wa ua, amesema walinipa enzi ili wapate amani, na amani haipo. Nikasema enzi ikishatolewa hairudishwi.
"Ni siye tulikupa, ni siye tunakunyanganya," akasema, mkono umeshaingia mfukoni mwangu.
Ufunguo wamempa Laurentine. Wote walipiga makofi. Na mimi. Alipendeza sana.

Jumatano, 15 Septemba
Sasa mimi ndiye mpiga hodi. Nimeomba ndoo ya pili, nipate kukaa kidogo. Amekataa: sheria ni moja, hata kwake. Cherehani yake naisikia hadi kitandani.

Jumapili, 26 Septemba
Laurentine anaolewa na Casimir. Wanahamia Sakania. Nilimuuliza kwa nini Casimir. Alinijibu polepole, kama mtu anayeogopa kuumiza.
"Casimir aliniomba. Weye ulingojea mimi nikuombe."

Nimekaa mlangoni mpaka jua likazama. Cherehani yake imeshafungwa kwa safari, ua uko kimya.

Nimeelewa kosa langu: enzi ilikuwa ndogo mno. Bomba tu! Kesho naomba uhamisho. Wanasema stesheni ya Sakania ina ghala, mizani, na watu wanaogombana tangu asubuhi. Lazima watahitaji mtu mmoja wa kushika funguo zote.