Busu Pembeni mwa Jela

Jumatatu, 4 Machi 1974
Nimekikuta kitabu changu maktabani hapa mjini Macon, Georgia. Mashairi ya mapenzi, yote ya kumsifu marehemu mke wangu Lavinia. Hakipo kwenye mashairi. Kipo rafu ya "Matatizo ya Weusi", kati ya magereza na ufukara! Lavinia hakuwa tatizo la mtu. Bi Tuttle, mkutubi, akasema waandishi weusi hupangwa huko, ndiyo utaratibu, na kisipoazimwa kufikia Jumamosi kitatupwa. Nani atatafuta busu pembeni mwa jela? Roho imeniuma.

Jumanne, 5 Machi
Nimekihamishia kwenye mashairi, nimekificha ndani ya koti. Nikatoka napiga mluzi. Kinyozini, Roscoe Gaines, yule Mmethodisti asiyechoka kututania sisi Wabaptisti, akadai mashairi yangu yanawafaa wafungwa, maana hawana pa kukimbilia. Watu wakacheka mpaka wembe ukasimama. Kitabu chake cha kuvua kambare nacho kipo kwenye rafu ile ya matatizo. Hajui. Sikumwambia.

Alhamisi, 7 Machi
Bi Tuttle amekirudisha. Akaniuliza eti, Mzee Pettway, kitabu chako kimeota miguu? Nimebadili mbinu. Nimewanong'oneza akina mama wa kwaya yetu ya Kibaptisti kwamba shairi moja linamsifu mmoja wao. Nani? Nikawaambia wakasome wenyewe.

Ijumaa, 8 Machi
Kwaya nzima imejazana mbele ya "Matatizo ya Weusi", na kofia zao za Jumapili, wanasukumana. Bi Tuttle akadhani ni maandamano, akamwita mkurugenzi. Mkurugenzi, jasho likimtoka, akauliza wanadai nini. Dada Eulalie wa kwaya akajibu kwamba hatoki mpaka apate haki yake, iwe ukurasa wowote ule. Mkurugenzi akaahidi papo hapo: kila kitabu kitapangwa kwa kilichomo ndani, si kwa rangi ya mwandishi, wala hakitatupwa hata kimoja. Akaomba mtu wa kusaidia kupanga. Nikanyoosha mkono. Lavinia sasa yuko kwenye mashairi, karibu na dirisha. Nimelia kidogo, sioni haya.

Jumatatu, 11 Machi
Nimepanga kutwa nzima. Mapishi kwenye mapishi, historia kwenye historia. Haki tupu! Nikafika kwa kambare wa Roscoe. Kwa kilichomo ndani, mahali pake ni uvuvi, pale mlangoni, mbele ya macho ya watu wote. Lakini mwandishi mwenyewe ni Mmethodisti. Nimetafakari sana. Nimemfungulia rafu mpya nyuma ya tanuri la kupashia jengo joto, nikaiandika kwa herufi nzuri: "Matatizo ya Wamethodisti". Bado ina nafasi tele.