Ersilia wa Rangi na Ersilia wa Marumaru

Roma, Jumatatu, 14 Januari 1805

Mvua. Don Ippolito, yule mgane wa ng'ambo ya mto, atachagua keshokutwa. Sebule yake ina nafasi ya sura moja tu ya marehemu mkewe: Ersilia wangu wa rangi, au Ersilia wa marumaru wa mchongaji Zenobio. Sote wawili tumemvika kama bibi wa Roma ya kale, gauni jeupe, bila hereni wala mkufu. Ila wangu ana damu mashavuni! Wa Zenobio ana macho kama mayai ya kuchemsha. Nilimwambia. Akacheka, akasema wangu hana kisogo. Kisogo! Nani huoa kisogo?

Jumanne, 15 Januari

Hila imepatikana! Nimemwomba Nunziata, mpishi wa Don Ippolito, aache madirisha ya sebule wazi mpaka asubuhi, eti rangi yangu ikauke. Akauliza, na sanamu je? Nikamjibu jiwe halishikwi na mafua. Kesho mzee akiligusa, litakuwa barafu. Ataruka! Mimi ni mtu hatari.

Jumatano, 16 Januari

Sijui nianzie wapi. Don Ippolito alisimama kwanza mbele ya picha yangu. Akasogea karibu, akayatazama macho. Nikaanza kutabasamu. Kisha akaizunguka sanamu polepole, akatua nyuma yake, pale shingo inapoinama kidogo. Akaweka kiganja shavuni. Sasa! nikajisemea.

Hakuruka.

"Mke wangu, mbona umepoa hivi?"

Akavua skafu yake ya sufu, akamfunga shingoni, akalikaza fundo taratibu kama anayemvalisha mtoto. Nunziata akalia. Zenobio akalia. Mimi nikapiga chafya. Sebule ilikuwa barafu tupu!

Sanamu inabaki. Nimejiangusha mwenyewe.

Ijumaa, 18 Januari

Homa. Don Ippolito amepanda ngazi zote mpaka chumbani kwangu, anahema. Anaitaka picha pia, aitundike karibu na kitanda. Alisema jiwe limemrudishia namna Ersilia alivyoinamisha kichwa akishona. Lakini rangi ya macho yake ilikuwa imeanza kumtoka akilini, na aliona haya kumuuliza mtu.

"Kahawia, na kijani kidogo pembeni," alisema. "Uliionaje hiyo kijani?"

Nikamwambia kuwa kiangazi kimoja, Ersilia akiwa hai, alikaa nimchore, jua likampiga usoni naye hakukwepa. Alicheka tu.

Mzee akaitikia kwa kichwa. Nikamsogezea kiti apumzike kabla ya kushuka.

Jumapili, 20 Januari

Zenobio kaleta supu ya matumbo, kanilisha kwa mkono wake. Nunziata amemwambia yote! Badala ya kunipiga alicheka mpaka akakohoa, akasema sisi ni ndugu. Nikamkumbatia. Nikaapa, hila basi, mpaka kaburini. Machozi yalinitoka, na yalikuwa ya kweli.

Akiwa mlangoni akakumbuka: askofu anatuita kesho, anataka sura ya mama yake, ya rangi au ya marumaru, na saa ya kwenda mjumbe wake ameniambia mimi peke yangu. Ni saa ngapi, ndugu yangu?

Askofu alisema saa tatu asubuhi.

Nikamwambia adhuhuri.