Bonyeza kwa Dole Gumba

Mtu akitoka kwa fundi matairi mikono mitupu, daftari kwapani, jua ana vitu viwili: pesa na wasiwasi. Lami alivipenda vyote viwili, na asubuhi ile aliviona vikivuka barabara pamoja.

Alikuwa ameegemea gari lake ng'ambo ya karakana, mahali alipoegemea siku zote za kazi. Duka hakuwa nalo. Alikuwa na gari dogo jeupe, shati lililopigwa pasi, na ulimi. Waliompa jina la Lami walisema ulimi wake ni laini kama barabara mpya, na kama barabara mpya, mvua ikinyesha tu unaona mashimo. Mwenyewe aliamini ni sifa.

Mwenye daftari alikuwa mwanamke mtu mzima, miaka hamsini na kitu, miwani ikining'inia shingoni kwa kamba. Lami asingemtazama mara mbili kama si gari aliloliendea: la bluu, pana, limelala chini, mabomba mawili nyuma. Gari kama lile halinunuliwi na mtu anayehesabu sarafu.

"Shikamoo mama yangu," Lami akasema, akishika koti lisilokuwepo.

"Marahaba, mwanangu."

"Naona umetoka kwa fundi uso umekunjamana. Amekuudhi?"

"Amenichanganya." Mama akavaa miwani, akafungua daftari. "Nimemwambia siku za kazi naenda na gari hili mjini, na Jumamosi mojamoja nalipeleka uwanja wa mbio. Tuko klabu, watu thelathini. Nataka tairi linaloshika barabara. Sasa sikia alivyonijibu: 'Siku sita uko mjini na siku moja uko uwanjani, kwa hiyo nunua tairi zuri la mjini, linalokubali mvua. Lile la mbio tupu ni laini mno, litaisha upesi, na kwenye maji litakutelezesha. Ukilitaka kweli, nunua seti ya pili, ufungie hukohuko uwanjani.'"

Ushauri bora kuliko huo haujawahi kutolewa katika mtaa ule, na ndiyo maana karakana ya fundi ilikuwa haina mtu. Wateja hawapendi kuambiwa wanaishi mjini. Bwana mzima amenunua gari la kwenda kilomita mia tatu kwa saa, kila asubuhi anakaa nalo kwenye foleni nyuma ya lori la takataka, halafu fundi anamzungumzia habari za madimbwi. Huo ni utovu wa adabu. Lami alikuwa na adabu zake. Tangu aanze kazi hakuwahi kumwambia mteja ukweli.

"Seti mbili," akasema, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Fundi ni jirani yangu, sitaki kumsema. Ila mama, ukikaa sana na matairi ya mikokoteni, akili nayo inaanza kusukumwa."

"Kwani lipo linalofanya yote?"

Lami alichutama kando ya gari lake mwenyewe, akampisha mama nafasi. "Bonyeza hapa kwa dole gumba."

Hapo ndipo palipokuwa na mkate wake. Lami alikuwa tapeli lakini hakuwa mjinga. Matairi aliyajua, na maisha aliyapenda, kwa hiyo gari lake lilivaa manne ya hali ya juu, aliyoyanunua kwa pesa halali (maana yake, pesa za watu wengine). Aliyaosha kwa sabuni, akayapima upepo kila asubuhi, akayavisha valvu zake vikofia vyekundu. Mteja akibonyeza, moyo wake unalainika kama ule mpira. Kesho yake anapokea mengine manne, saizi ileile, jina lilelile ubavuni, ila hayo ni vipara vya jalalani, vilivyochongwa mifereji mipya kwa kisu cha moto na kung'arishwa kwa rangi ya viatu.

Mama akabonyeza. "Laini kweli."

"Laini lakini haliishi. Mvua, jua, kona, foleni, lenyewe halichagui. Madereva wa mashindano wanafichana habari zake."

Mama alisoma ubavu wa lile tairi, akaenda kusoma la kwake, akarudi. "Saizi zetu ni moja."

"Mungu akipanga, mama, wewe na mimi ni nani?"

"Basi niletee manne kama haya hasa. Nikiridhika, wenzangu wote watataka. Kila Jumamosi wanaulizana hayohayo."

Lami alilazimika kutazama pembeni ili uso usimsaliti. Magari thelathini ni matairi mia na ishirini. Miaka sita alikuwa akivizia mteja mmojammoja kando ya barabara kama paka kwenye bucha. Leo bucha zima limemwita ndani. Mia na ishirini, akajiambia, halafu naacha kazi hii, nafungua duka la kweli lenye kiyoyozi, na fundi yule nitamwajiri.

Siku ya pili akaleta mzigo umezungushiwa nailoni. Mama alilipa bei yote bila kuomba apunguziwe. Mtu asiyeomba apunguziwe ama ni mjinga, ama ana lake jambo. Lami akachagua lililompendeza. Kabla ya kuondoka mama akaweka kidole ubavuni mwa tairi moja.

"Na hizi namba nne? Tatu, nne, sifuri, tisa?"

"Hayo ni majaribio. Tairi hili limefaulu majaribio elfu tatu mia nne na tisa kiwandani."

Mama akaandika kwenye daftari, polepole, kama mwanafunzi. Ukweli ni kwamba namba zile ni tarehe ya kuzaliwa, mbili za mwanzo wiki na mbili za mwisho mwaka. Tairi lile lingekuwa mtoto, lingekuwa limeshaota ndevu.

Jumamosi mchana, Lami alifika uwanjani na kitabu kipya cha risiti. Palikuwa na jukwaa la vyuma, spika kubwa juu ya mlingoti, na wanaklabu waliovaa mavazi ya mbio yaliyowabana matumboni. Walimpokea kwa heshima. "Mtaalamu kafika," akasema bwana mmoja mnene, na Lami akamwandikia seti mbili kichwani palepale. Gari la bluu lilikuwa tayari mstarini. Matairi yaling'aa meusi tii, na harufu ya rangi ya viatu ilimfikia mtengenezaji wake hatua tano kabla.

Mama akamkabidhi kofia ngumu. "Haya mwanangu, panda."

"Mimi?"

"Ndiyo desturi ya klabu. Aliyeleta matairi anapanda mzunguko wa kwanza. Tukimwona kapanda, tunajua anayaamini."

Watu thelathini wakapiga makofi. Lami akatabasamu kwa mdomo wa juu tu. Angekataa, biashara ingekufa papo hapo; angekubali, pengine angekufa yeye. Akajifariji kwamba ni mama wa watu, ana miwani ya kamba, ataendesha kama anayepeleka mayai sokoni. Tamaa ikamfunga mkanda.

Yule mama wa miwani aliondoka mstarini kwa namna iliyomwacha Lami roho yake imebaki kwenye jukwaa. Kona ya kwanza ilipita kabla hajaiona. Alishika mpini wa mlango kwa mikono miwili.

"Kona inayofuata huwa naipita kwa mia na thelathini," mama akasema kwa sauti ya mtu anayechagua nyanya. "Kwa matairi yako nadhani mia na sitini itawezekana."

"Hata sitini tu, mama. Sitini inatosha. Twende tukitazama mandhari."

"Kwa majaribio elfu tatu mia nne na tisa?"

"Mama, tusimame kidogo, nina neno."

"Liseme hapahapa. Nimezoea mizunguko kumi."

Mizunguko kumi. Lami aliyaona matairi yake kwa macho ya moyo, kila mfereji aliouchonga mwenyewe usiku akipiga mluzi, kila mahali kisu kilipozama hadi kwenye nyuzi. Hajawahi kuijua bidhaa yake vizuri kiasi kile.

"Mama yangu, ni vipara. Nimevichonga kwa kisu cha moto."

"Sikusikii, injini."

"Kisu cha moto, mama. Nimeviokota jalalani. Hiyo ni rangi ya viatu. Na la mbele la kulia limeoza kuliko yote, nakuomba kwa jina la aliyekuzaa, usikunje kushoto."

"Uwanja huu wote unakunja kushoto, mwanangu."

Basi Lami akasema yote. Kona kwa kona alitaja jalala, kisu, wateja waliotangulia, bei, na ni rangi gani ya viatu inayokaa zaidi. Alimaliza kwa kumwita mama yake mzazi, aliyekuwa mbali na hana habari. Alikuwa analia, na hakuona haya.

Mama akapunguza mwendo, akalirudisha gari mstarini taratibu. Hakuna aliyepiga makofi. Wote thelathini walikuwa wamesimama chini ya mlingoti, wametazama juu kwenye spika.

"Kofia zetu zina kinasa sauti," mama akasema, akimvua ile kofia kwa upole. "Ili jukwaani wasikie maendeleo."

Lami akatafuta ulimi wake, akaukuta lakini hauna kazi. "Pesa zako nitarudisha, mama. Zote."

"Sidai pesa. Nililipia matairi niliyoyabonyeza kwa dole gumba. Nataka hayo niliyoyabonyeza."

Kumbe lile gari jeupe lilikuwa tayari juu ya jeki, na yule bwana mnene wa seti mbili ndiye aliyeshika spana. Yakatoka manne yenye vikofia vyekundu. Kisha mlinzi akaja kutoka stoo akiviringisha manne mengine ya kufungwa badala yake, na Lami aliyajua kwa mbali kama mzazi anavyojua watoto wake. Tatu, nne, sifuri, tisa.

Akayatazama. Akalitazama gari la bluu. Akaenda akachutama, akafuta rangi ya viatu kwa kidole, akasoma. Tairi zima, mifereji mirefu, la mwaka jana.

"Haya ulinunua wapi?" akauliza.

"Kwa fundi ng'ambo yako. Ya mjini, yanakubali mvua. Hapa pia hayana neno, ukijua kuendesha."

"Na ile desturi ya klabu?"

"Tumeianzisha leo. Imetupendeza, nadhani tutaendelea nayo."

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, ila hawakusema kwamba akitoka anatakiwa kurudi nyumbani na kisima chake. Kilomita ya tatu, mvua ikaanza. Lami aliendesha kwa mwendo wa jeneza, pua imegusa kioo, akizungumza na kila tairi kwa upole. Gari la bluu likampita, likapiga honi moja ya adabu, na nyuma yake pikapu la klabu likiwa limefunikwa turubai. Baadaye kidogo akapitwa na msukuma mkokoteni, ambaye aligeuka kumtazama kwa huruma.

Saa mbili nzima zilipita kabla hajaingia mtaa wake. La mbele la kulia lilikuwa linapumua kama mgonjwa, na mlango uliokuwa wazi ulikuwa mmoja tu. Akaliingiza gari kwa fundi.

Fundi akafuta mikono kwa kitambaa. Hakucheka. Aliuliza swali analowauliza wateja wote.

"Unaendesha wapi zaidi?"

"Mjini," Lami akasema.

"Na mvua?"

"Kama unavyoniona."

"Uwanjani je?"

"Mara moja tu. Sirudi."

Fundi akaitikia kwa kichwa, akaenda nyuma, akarudi akiviringisha tairi lenye kikofia chekundu kwenye valvu. "Nina seti moja ya saizi yako. Imetumika kidogo. Dada yangu kaniletea saa moja iliyopita, anasema mwenyewe wa kwanza alikuwa akiyaosha kwa sabuni."

"Dada yako," Lami akasema.

"Tumbo moja. Zamani alikuwa dereva wa mashindano, sasa amestaafu, anatafuta vitu vya kufanya."

Akataja bei. Ilikuwa ileile aliyolipa mama, na juu yake kazi ya kufunga. Lami alifungua mdomo aombe apunguziwe, na wakati huohuo la mbele la kulia likatoa pumzi ya mwisho, gari likainama upande mmoja kama linalosali. Akaufunga mdomo.

"Bonyeza kwa dole gumba," fundi akasema. "Usinunue kwa maneno yangu."

Lami akachutama, akabonyeza. Lilikuwa laini. Akatoa mfukoni pesa za mama, noti zikiwa bado zimekunjwa vile alivyopewa, akazishika. Kisha, kwa kuwa mji umejaa matapeli, akapiga goti kwenye maji na kusoma zile namba nne ubavuni, tairi kwa tairi, yote manne, ndipo akalipa.