Laini ya Pili na Mwaka Mzee

Jumatatu, 27 Desemba

Kiti cha mkuu wa kitengo cha kompyuta kiko wazi, na kinanitazama mimi. Don Ítalo, meneja wa ushirika wetu wa akiba na mikopo, ametangaza kwamba mkuu mpya atatajwa Jumatatu ijayo. Tuko wawili tu: mimi, Rómulo Sailema, mkongwe wa idara, na Jimena Pilco, aliyekuja juzi na begi la mgongoni. Fahali wawili hawakai zizi moja. Atafute zizi lake.

Mtihani wetu ni laini ya pili ya mtandao. Hii moja tuliyonayo ikikatika, madirisha yote ya kuhudumia wateja yanasimama na wanachama wanatutukana mpaka bibi zetu. Jimena ndiye aliyebuni mpango. Seva imetiwa kadi mbili za mtandao, na mfumo endeshi umeambiwa uzihesabu kama kadi moja: hii ikifa, ile inashika kazi hapo hapo bila kuuliza mtu. Laini ya kwanza inaingia kwa mbele, kwenye nguzo ya barabarani. Ya pili ipite nyuma, uchochoroni, ili balaa moja lisizipate zote. Kusimamia mafundi nimepewa mimi. Yeye kuchora, mimi kutenda! Sasa hapo nani mkuu?

Jumanne, 28 Desemba

Mkosi. Waya wa nyuma lazima ushikizwe kwenye ukuta wa Doña Targelia, muuza nguruwe wa kuoka. Agosti nilimshtaki kwa manispaa kwa sababu ya moshi wake. Mafundi wakaenda kumwomba ruhusa. Akasema yeye hana neno, ila aje Sailema mwenyewe, na aanze na samahani. Mimi? Na cheo kiko njiani?

Nikawaambia mafundi wapitishe mbele, nguzo ile ile. Mmoja akaniuliza kama nina hakika. Nikamjibu kwamba nguzo ni ya saruji, ipo tangu enzi za babu yangu, na haijawahi hata kupiga chafya. Wakazifunga nyaya mbili pamoja kwa vibanio vya plastiki. Zimependeza, zimenyooka, utadhani mapacha siku ya ubatizo.

Jioni Jimena aliuliza kama laini ya pili imeshapita. Nikasema imepita. Hakuuliza imepita wapi.

Jumatano, 29 Desemba

Maonyesho mbele ya bodi. Nimevaa tai. Nikahutubia, nikainua mkono juu kama padri, nikachomoa waya wa kwanza nyuma ya seva.

Hakikutokea kitu. Madirisha yaliendelea, wanachama waliendelea kupiga miayo. Mafanikio makubwa kabisa! Nikasubiri makofi.

Don Abdón, mweka hazina, akauliza, "Haya, tumeona nini?"

Nikamwambia hawajaona kitu, na huo ndio uzuri wake.

"Kwa hiyo waya ukitoka hakuna kinachoharibika," akasema. "Sasa si tuutoe tu, tuache kuulipia?"

Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Jasho likanitoka. Nilikuwa nakiona kiti changu kikipita mlangoni. Ndipo Jimena akaingilia, kwa sauti ya kumbembeleza babu yake, akamuuliza bendi ya mtaani kwao ina wapiga ngoma wangapi. Wawili, akasema Don Abdón. Na mmoja akienda kunywa, watu huacha kucheza? Don Abdón akacheka mpaka akakohoa. Laini ya pili imepita, kwa kauli moja.

Nimechukia. Mfano wa ngoma ningeutoa mimi, kama ningeufikiria.

Alhamisi, 30 Desemba

Kesho mchana, kabla ya kwenda makwao, watu wa ofisi wanachoma Mwaka Mzee, sanamu ya mwaka unaokwisha. Mwaka huu sanamu yetu ni Mtandao Mbovu: mwili wa maranda ya mbao, kichwa cha kasha la kompyuta, na fataki tumboni. Kura ya kuwa mjane wake, mwanamume wa kuvaa kike na kumlilia, imeniangukia mimi. Sketi nyeusi, wigi, mito miwili kifuani. Mwanzoni niliona nimedhalilishwa. Kisha nikakumbuka kwamba mjane ndiye anayesoma wosia wa marehemu, na bodi nzima itakuwepo! Nimeshauandika. Marehemu anamwachia kila kitu Laini ya Pili, binti aliyelelewa kwa jasho la Rómulo.

Kila mwaka tunachomea uani. Lakini foleni ya wanachama itakuwa mbele, imezunguka kona. Nimlilie marehemu mbele ya watu thelathini, na mia mbili wako nje? Nimeihamishia sanamu barabarani, chini ya nguzo, ipate pa kuegemea.

Jimena aliona. Akasema hapendi ikae pale, moto unaweza kufika kwenye waya, ingawa ukifika, basi, ya pili ya nyuma itashika. Nikamwambia ndiyo maana tumeweka laini ya pili. Akaniomba niisogeze sanamu hata hivyo. Nikaisogeza hatua moja.

Ijumaa, 31 Desemba

Aibu. Aibu yangu ya mwaka huu na ujao.

Wosia ulienda vizuri. Watu walicheka, hata Don Abdón. Nikawasha moto. Matawi ya mkaratusi tuliyompamba nayo marehemu yalilipuka kabla hata ya fataki. Ndimi zikapanda nguzo. Plastiki ikaanza kudondoka matone, na ndani madirisha yakasimama yote.

Jimena akatoka mlangoni, akawatuliza watu: ya pili inashika sasa hivi. Tukasubiri. Haikushika. Akanigeukia.

"Rómulo, ya pili iko wapi?"

Nikanyoosha kidole juu. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Moto ulizimwa na Doña Targelia kwa ndoo mbili, bila kunitazama. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akanikamata sketi: basi lake la Guayaquil linaondoka saa tisa, mumewe amelazwa huko, na pesa zote alizonazo ziko kwetu. Nililia, kweli kabisa. Watu wakadhani ni maigizo ya mjane, wakanitupia sarafu.

Jimena aliunganisha seva na simu yake ya mkononi. Dirisha moja tu, linakwenda kwa kuburuta miguu, na mama wa mtoto akawa wa kwanza kuhudumiwa. Foleni iliisha giza likiingia.

Jumatatu, 3 Januari

Mkuu wa kitengo ni Jimena Pilco. Nimepiga makofi kwa vidole viwili.

Amri yake ya kwanza: laini zote zivutwe upya, ya pili ipite nyuma, na mimi niende mwenyewe kwa Doña Targelia. Nikaenda. Akaniketisha, akaniwekea sahani ya nguruwe, akasema, "Kula, mwanangu. Mimi nataka neno moja tu."

Nikamwambia ngozi ya nguruwe imekauka vizuri. Akasubiri. Nikamwambia mwaka huu baridi imezidi. Akaniongeza nyama, akasubiri tena. Nikamaliza sahani ya pili, nikamshukuru, nikaondoka. Jimena ameniuliza kama tumeongea. Nimemwambia tumeongea sana.

Mafundi walikuwa wakinisubiri barabarani na bunda zima la waya. Nimetafakari kwa kina. Nguzo haina kosa, imesimama mpaka leo. Kosa ni kwamba nyaya zilikuwa mbili tu, na vibanio vilikuwa vya plastiki. Nimewaamuru wapandishe tatu, pale pale mbele, na wazikaze pamoja kwa seng'enge, zisiachane hata ije gharika.