Ngozi ya Kuku Haitupwi

Jumatatu, 4 Machi
Zimebaki siku nne mume wangu apimwe mafuta kwenye damu. Miezi mitatu iliyopita yalikuwa juu. Muuguzi alisema mwenye kisukari lazima auchunge moyo kuliko wengine, mafuta yakizidi mishipa inaziba. Tangu siku ile sina raha. Akipanda ngazi kwenda kwenye cherehani yake, mimi huku chini nahesabu hatua. Akikohoa, nimeshafika.

Mimi pia ninacho kisukari, ila changu kidogo. Yeye vidonge vitatu, mimi viwili.

Leo kuku. Pande lake nimelivua ngozi yote pamoja na yale mafuta ya manjano. Kutupa chakula siwezi, dhambi. Nimekula mwenyewe jikoni, nimesimama. Tamu, Mungu anisamehe.

Jumanne, 5 Machi
Wifi kaja na bakuli la viazi vya kukaanga. Eti kaka yake amekonda, watu watadhani ananyimwa chakula. Nikatabasamu kwa meno ya mbele tu.

Alipopanda juu kumsalimia kaka yake, nikachukua kipande cha karatasi ya kukatia nguo, nikakandamizia kiazi kimoja, nikainua dirishani. Nikauona mtaa mzima kupitia karatasi, hadi muuza mkaa anavyojikuna mgongo. Mafuta matupu! Viazi havikufika kwa mgonjwa. Nimevimaliza vyote, kumwokoa.

Wifi kushuka, bakuli tupu. Akafurahi kweli. Si alisema kaka yake ana njaa?

Jumatano, 6 Machi
Wifi tena. Bakuli kubwa zaidi, na mayai matatu ya kukaanga juu. Kosa langu. Nimekula. Ningefanyaje?

Jioni gauni langu la maua limegoma kufunga. Nimempelekea mume alitanue. Kanizungushia futi kiunoni mara mbili, kisha akasema vitambaa vya siku hizi vikifuliwa vinanywea. Mume mwema huyu. Nimempa samaki wa kuchemsha na maharage, kijiko kimoja tu cha mafuta. Kala kwa huzuni.

Ijumaa, 8 Machi
Kliniki. Tumetolewa damu wote wawili, mimi bila kupenda, maana nilikwenda kama msindikizaji. Kwenye benchi ya kusubiri majibu miguu ilinitetemeka hadi mama wa pembeni akauliza kama kuna gari linapita.

Majibu ya mume: mafuta yameshuka vizuri! Nikamkumbatia muuguzi na mafaili yake. Nikamwambia na gari la hospitali pia ningelikumbatia.

Kisha akafungua faili langu. Akaniuliza ninakula nini. Nikamwambia ukweli, nakula ninachokitoa kwenye sahani ya mume, na cha wifi. Akaweka kalamu chini.

"Mama, hayo mafuta hukuyaondoa nyumbani. Umeyahamisha tu."

Akasema moyo wangu nao una haki yake, na kisukari hakina kidogo. Mume alijikaza hadi getini, hapo ndipo akashika ukuta na kucheka mpaka machozi. Halafu akanishika mkono, akasema sasa atanilinda yeye. Nikalia kidogo. Kwa raha.

Jumapili, 10 Machi
Kuku. Mume kavua ngozi ya pande langu kwa mkasi, taratibu, kama anakata kola. Mimi nikavua ya kwake. Zikabaki ngozi mbili kwenye kisosi, tunatazamana. Wifi akasema tumpe paka wa jirani.

Paka wa jirani! Hata salamu hanipi.

Nimewaza tangu mchana, nimepata njia: zamu. Wiki moja ngozi zote anakula yeye, wiki inayofuata mimi. Kila moyo unapata wiki nzima ya kupumzika. Mume kakubali kabla sijamaliza kueleza. Sijui kwa nini muuguzi hakuliona hili, na elimu yake yote ile. Nitamweleza tukirudi.

Leo nimeanza mimi. Changu ni kidogo.